Malalamiko kuhusu sasisho la draiva ya printa lisilo na njia ya kurudi nyuma

Morogoro,
16 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: DRAIVA YA PRINTA ILIYOSASISHWA TAREHE 9 JUNI, NA KUZUIWA KURUDI TOLEO LA AWALI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye steshenari jirani na chuo. Mlinifungia kompyuta tano zinazotumia mfumo wa Linux Mint, printa mbili, na draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa, ambayo mnaiandaa ninyi wenyewe na kuisambaza kutoka kwenye seva yenu. Kila mwezi nawalipa shilingi 150,000 za matengenezo na sijawahi kuchelewesha. Mliniagiza kompyuta zisizimwe usiku ili zijisasishe, nami nikatii.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 9 Juni, kompyuta nne zilijisasisha. Hatukupata taarifa yoyote. Asubuhi mteja wa kwanza alikuwa binti wa chuo mwenye ripoti ya utafiti ya kurasa 86, anataka nakala nne, na mwisho wa kuikabidhi ni saa 4. Tulianza kuprinti. Jalada lilitoka sawa, ukurasa wa shukrani ulitoka sawa, tukaendelea. Tulipofika kwenye kubaindi nakala ya pili ndipo binti akaniuliza, "Dada, mbona kurasa hazina namba?"

Nilichukua karatasi moja nikaipeleka dirishani. Namba ya ukurasa haikuwepo kabisa. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa katikati ya herufi: vichwa vinaonekana, miguu haipo. Kila ukurasa uliojaa ulikuwa hivyo hivyo. Nililinganisha kwa rula na faili lililokuwa kwenye skrini, nikakuta maandishi yanaishia pale ambapo karatasi ya Letter ya Kimarekani ingekuwa imeisha. Karatasi ile ina urefu wa milimita 279. A4 yetu ina milimita 297. Milimita 18 za chini, ambako ndiko namba za kurasa zinakaa, draiva yenu mpya ilizihesabu kuwa hazipo. Tulichagua A4 kwenye mipangilio mara tatu, na mara zote tatu ilirudi Letter yenyewe.

Binti yule alikuwa analia. Nilimrudishia fedha zake, nikamlipia bodaboda akimbilie duka jingine mjini. Alinipigia baadaye kuniambia amefika chuoni saa 5 kasoro. Hilo limenikaa moyoni kuliko karatasi zilizoharibika, kwa sababu amekuwa akileta kazi zake kwangu tangu mwaka wa kwanza.

Kosa kwenye draiva naweza kulielewa. Nimekaa na kompyuta muda wa kutosha kujua kwamba programu hukosewa. Ninacholalamikia ni kwamba tulipotaka kurudi kwenye toleo la jana yake, lililokuwa linafanya kazi, tulikuta kila mlango mmeufunga.

Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeshughulikia mashine hapa dukani, alifungua faili la /var/log/apt/history.log. Lilikuwa limeandika wazi: saa 8 na dakika 14 usiku, draiva imetoka toleo 2.3.1 kwenda 2.4.0. Kwa hiyo tulijua tunachokitafuta. Amri ya apt, ambayo ndiyo hufunga programu kwenye Mint, inakuruhusu kutaja toleo unalolitaka, unaandika jina la pakiti (faili linalobeba programu), alama ya sawasawa, kisha namba ya toleo. Akaandika. Jibu likaja kwamba toleo hilo halikupatikana. Alipoangalia orodha ya matoleo yaliyoko kwenye seva yenu akakuta moja tu, 2.4.0. La zamani mmelifuta siku ile ile mliyoweka jipya.

Akaenda kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, ambako mafaili ya pakiti zilizopakuliwa huhifadhiwa. Tupu. Mmeweka hati, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, inayosafisha folda hiyo kila baada ya sasisho. Akafungua Timeshift, programu inayokuja na Mint yenyewe, ambayo kazi yake ni kupiga picha ya mfumo mzima ili mambo yakiharibika urudi ulipokuwa. Ilikuwa haijawahi kuwashwa tangu siku mliyotufungia mashine. Diski ina nafasi ya kutosha. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu kwa fundi aliyekuja.

Nilipopiga simu kwenu, fundi aliniambia kuna njia mbili: nisubiri toleo la kurekebisha, ambalo hakujua litatoka lini, au aje afute mashine zote aweke mfumo upya. Nikamuuliza kwa nini tusirudishe draiva ya zamani tu. Akasema kurudisha toleo nyuma ni hatari na hakushauriwi.

Kwa upande mmoja alisema kweli. Maelekezo yaliyomo ndani ya pakiti huandikwa na kujaribiwa kwa safari ya kwenda mbele, na hata Debian, mfumo wa Linux ambao Ubuntu na hatimaye Mint zimejengwa juu yake, haiahidi kwamba kushuka toleo kutakwenda salama. Lakini Debian hao hao wana hifadhi ya matoleo ya zamani, snapshot.debian.org, inayorudi nyuma hadi mwaka 2005. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, wana amri ya kutengua sasisho lililofanyika. openSUSE, nao pia wa Linux, hupiga picha ya mfumo kabla na baada ya kila mabadiliko ya pakiti, na mambo yakiharibika unaichagua picha ya awali pale kompyuta inapowaka. Wote hao wanajua hatari aliyoitaja fundi wenu, na ndiyo maana wamejiandaa nayo mapema.

Kilichotuokoa ni bahati. Kompyuta ya tano, laptopu ya zamani, ilikuwa imezimwa wiki mbili kwa sababu ya chaja mbovu. Tukaazima chaja kwa jirani, tukaiwasha bila intaneti, tukakuta 2.3.1 bado imo. Mdogo wangu alitumia programu inayoitwa dpkg-repack, inayokusanya upya mafaili ya pakiti iliyokwisha kufungwa na kuyafanya pakiti kamili tena. Akaihamisha kwa flashi, akaifunga kwenye zile nne, kisha akaizuia pakiti hiyo moja kwa apt-mark hold ili isipande tena. Masasisho mengine yote, ya usalama yakiwemo, tuliyaacha yaendelee kama kawaida. Saa 7 mchana tulikuwa tunaprinti A4 iliyokamilika, na hakuna kilichoharibika.

Alhamisi tarehe 12 Juni fundi wenu aliingia kwenye mashine zangu kutoka huko ofisini, akaondoa kile kizuizi, draiva ikarudi 2.4.0. Hakuuliza. Tulijua tulipoanza tena kupata karatasi zilizokatika. Nilipopiga simu niliambiwa nimevunja masharti ya mkataba kwa kuchezea pakiti zenu. Mkataba ninao hapa mezani, nimeusoma mara mbili. Hauna neno linalomkataza mteja kutumia toleo ambalo ninyi wenyewe mlimfungia.

Ninachoomba kifanyike ni hiki. Rudisheni 2.3.1 kwenye seva yenu wiki hii, na kuanzia sasa kila mnapoweka toleo jipya la draiva yenu, acheni angalau mawili ya nyuma yakipatikana. Ondoeni ile hati inayosafisha folda ya pakiti kwenye kompyuta zangu. Njooni muwashe Timeshift kwenye zote tano, muipange ipige picha kabla ya kila sasisho, na fundi atuonyeshe kwa vitendo, sisi tukiwa tumekaa kwenye kiti, jinsi ya kurudi. Tukiizuia pakiti kwa sababu imeharibu kazi, mtu wenu asiiondolee kizuizi bila kuzungumza nasi kwanza.

Vilevile naomba ada ya Juni, shilingi 150,000, isidaiwe. Sijaweka humo hasara ya karatasi wala ya wateja walioondoka siku zile mbili.

Sitaki kuhama. Linux imenipunguzia gharama na usumbufu wa virusi vinavyoletwa na flashi za wanafunzi, na mafundi wenu wamenisaidia vizuri mara nyingi. Ila msimu wa ripoti unaendelea hadi mwisho wa Julai. Kwa sasa tumezuia tena draiva kwenye 2.3.1, na usiku tunachomoa intaneti. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Juni.

Wenu katika kazi,
Mwenye duka