Babu yako anatusikia

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo huku, mvua tu haijakatika tangu Jumatano. Umeniuliza kama babu yako amerukwa na akili, maana shangazi yako kakwambia hivyo kwenye simu. Hajarukwa, mama; ni kiharusi kilichomnyang'anya maneno. Shangazi alitamka neno hilo mbele yake. Babu akaweka kikombe chini, akageuzia uso ukutani.

Kule Mbeya alipigwa kipimo cha CT. Mashine ni kama pete kubwa: eksirei inazunguka kichwa, kisha kompyuta inaonyesha ubongo slesi kwa slesi, kama mkate. Daktari akanionyesha doa jeusi upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mshipa uliziba, damu haikufika, pale pakafa. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, ndiyo maana kikombe anakishika kwa kushoto. Kutamka nako, kwa watu wengi, kunatoka huko huko mbele kushoto. Lakini sehemu ya kuelewa maneno iko nyuma zaidi, usawa wa sikio, na daktari alisema hiyo imesalimika. Hata ubongo mdogo wa kisogoni, unaomfanya mtu asiyumbe, haukuguswa.

Amebakiwa na neno moja: "kesho". Akitaka maji, kesho. Akifukuza mbuzi migombani, kesho. Watoto wakimwamkia anajibu kesho, ila kwa sauti ile ile ya marahaba.

Nimesoma habari za Mfaransa mmoja, Leborgne, aliyeishi hospitali ya Bicêtre, nje kidogo ya Paris, karibu miaka 21 akisema "tan" tu. Naye alipooza upande wa kulia. Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca alifungua fuvu akakuta jeraha mbele kushoto. Enzi hizo hakukuwa na namna nyingine, mpaka mgonjwa afe. Ubongo ule umehifadhiwa hadi leo, na watafiti waliupiga MRI, mashine ya sumaku. Mwaka 2007 wakaeleza kuwa jeraha lilizama ndani kuliko Broca alivyoona kwa macho. Mgonjwa wa kwanza kupigwa CT ya kichwa akiwa hai alikuwa London, mwaka 1971. Mimi nimezaliwa baada ya hapo, nikauona ubongo wa baba yangu, na asubuhi yake nikamkorogea uji akanywa. Nalifikiria hilo kila siku.

Leo kanisani, wimbo wa pili ulipoanza, babu aliimba ubeti mzima. Maneno yote, mwanangu! Nilishindwa kuendelea kuimba. Wengi waliopoteza usemi namna hii hubaki na nyimbo.

Ukifika likizo, mwamkie kabla hujatua begi. Muulize maswali ya kuitikia kwa kichwa, halafu mngoje, hata akichelewa. Usimsemee. Na lile daftari lako la kwaya usilisahau bwenini.

Mama yako