Barua ya wazi kwa vijana wa kanisa letu: yule dada hamkumwitikia

Wanangu wapendwa katika Bwana,

Bwana Yesu asifiwe. Nimechelewa kuwaandikia kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza. Haijapoa yote, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Jumapili ile, wakati wa shuhuda, mlikuwepo. Kijana wa kwanza alimshukuru Mungu kwa gari, nanyi mkapiga vigelegele, na wengine mkatoka hadi mbele kucheza naye. Sina neno na gari lake; aliyepata na ashukuru. Akafuata yule dada wa benchi la nyuma, mkononi ameshika leso aliyoikunja mpaka ikawa nyembamba kama kidole. Alisema kwamba mama yake, ambaye maradhi ya kupoteza kumbukumbu yalikuwa yamemfanya asimtambue mwanawe kwa miezi mingi, usiku wa juzi alimwita kwa jina. Alimwita mara moja tu, kisha akalala. Yule dada akasubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi, na hakuna aliyeitikia. Ndipo mwongoza ibada akauliza, "Kuna mwingine mwenye ushuhuda mkubwa?" Dada akaketi, akaanza kuikunjua leso yake taratibu.

Neno hilo "mkubwa" limeninyima usingizi. Ni nani aliyewapa kipimo cha kupimia matendo ya Mungu, hata gari likazidi uzito sauti ya mama anayemwita mwanawe? Jibu ninalo, nalo linanichoma: ni sisi wazee wenu. Kwa miaka mingi tumehubiri mafanikio katika kila mkutano, tukawapa watoaji wakubwa viti vya mbele na kuwasahau wajane nyuma, wakati Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, alikataza waziwazi kumpendelea mwenye pete ya dhahabu na kumdharau maskini. Sasa tunavuna tulichopanda. Kijana asiye na kazi hutoka ibadani akiamini kwamba Mungu anampenda jirani yake kuliko yeye, na wapo ambao hawarudi tena, kwa kuwa wamechoka kungoja zamu yao ya kubarikiwa.

Mnapenda sana kunukuu Yohana 10:10, kwamba Bwana alikuja ili tuwe na uzima, kisha tuwe nao tele. Nawasihi msome na mistari inayouzunguka. Katika mstari wa 9 anasema kwamba yeye ndiye mlango, na aingiaye kwa yeye ataingia na kutoka, na kupata malisho. Hayo ni maisha ya kondoo ya kila siku: kutoka asubuhi, kurudi jioni, na kuijua sauti ya mchungaji wake. Katika mstari wa 11 anasema kwamba mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Basi neno "tele" limekaa kati ya malisho ya kila siku na msalaba, na anayeling'oa hapo ili alibandike kwenye mali ananukuu nusu ya habari.

Kumbukeni pia mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16. Kila mtu alipewa omeri moja, yaani kipimo cha kumtosha mtu mmoja, kwa siku. Aliyekusanya vingi hakubakiwa na kitu, aliyekusanya kidogo hakupungukiwa, na iliyowekwa hadi asubuhi iliota mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Mungu aliwalisha hivyo kwa miaka 40. Na bado, katika Hesabu 11, watu walilia kwamba hawaoni chochote mbele yao ila hiyo mana. Muujiza ulikuwa unaanguka mlangoni kila asubuhi, nao wakauchoka kwa sababu ulikuwa wa kila asubuhi. Wanangu, ndipo tulipofika sisi.

Nami niliwahi kufika hapo. Mke wangu alipougua, niliomba kwa miezi mingi apone upesi, nikamlalamikia Mungu kwamba amenyamaza. Katika miezi hiyohiyo mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kila jioni. Hakuleta fedha wala unabii. Alikunja mikono ya gauni lake, akaosha vyombo, akambadilishia mgonjwa shuka, akamsomea Zaburi moja kwa sauti ya chini, akaondoka. Siku moja mke wangu aliniambia, "Baba, unamlilia Mungu aje, na kila jioni unamfungulia mlango." Sikuwa na la kujibu. Nilikaa kando ya kitanda nikalia, na tangu siku hiyo maombi yangu yalibadilika.

Mengine nitayataja kwa ufupi tu. Msikope ili mtoe sadaka ya kuonekana. Ombeni kabla ya kushika simu. Sameheaneni jua lisijatua. Mnapoinukuu Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", someni kwanza mstari wa 11 na wa 12, mkikumbuka kwamba Paulo aliandika akiwa kifungoni, na kwamba anasema kuridhika ni jambo alilojifunza.

Wachungaji nanyi, ndugu zangu, ikiwa kipindi cha shuhuda kitaendelea, liondoeni lile neno "mkubwa".

Na ninyi wanangu, Jumapili hii msitawanyike upesi baada ya baraka. Mtafuteni yule dada. Muulizeni mama yake anaendeleaje, na usiku ule alimwitaje. Kisha pangeni zamu, wawili wawili kila jioni, mkakae na mgonjwa ili binti yake apate kulala.

Wenu katika Kristo,
Mzee wenu