Kimya cha mtoto

Nyalenda, Kisumu

Kwako Nekesa,

Salamu nyingi kama omena wa Dunga. Najua nimenyamaza tangu Desemba, na ile elfu mbili yako sijaisahau, ila leo usiniulize. Kuna jambo.

Mdogo wangu Achieng alijifungua msichana, kilo tatu. Akilia, rangi nzuri. Akinyamaza, midomo inakuwa zambarau. Akipewa titi ndiyo kabisa, anaachia akihema kama aliyeopolewa ziwani. Mama mkwe akasema jicho baya. Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyechukua mrija mwembamba wa kulishia, akaupitisha tundu la kulia, ukagota. La kushoto, ukagota. Pua zimefungwa kwa nyuma! Mimi nimelea watatu na sikujua kichanga hupumulia pua, mdomo ni mpaka alie.

Inaitwa atresia ya koana, mfupa umeziba njia. Katika watoto 7000 hivi, mmoja. Wakamwekea kidude cha plastiki mdomoni cha kushikilia ulimi, maziwa yakawa yanapita kwa mrija hadi tumboni. Wakapima moyo, macho na masikio, maana kasoro hii mara nyingine haiji peke yake. Moyo uko sawa, namshukuru Mungu. Siku ya tisa, huko kwenu Eldoret, nusu kaputi: kamera nyembamba ikapita puani, mfupa ukatobolewa. Nami nilidhani watampasua uso, nikalia bure njia nzima ya Kapsabet.

Sasa ana vijirija viwili puani. Achieng anafundishwa kudondoshea maji ya chumvi na kuvuta makamasi kwa mashine, maana vikiziba tumerudi palepale. Hata vikitolewa, kovu linaweza kufunga tundu tena, kwa hiyo kliniki haziishi. Kuja Kisumu na kurudi na mtoto huyo? Hapana.

Kabla sijaondoka nilimkuta Achieng usiku, mtoto ametulia tuli, yeye anamfinya kisigino alie. "Dada, akinyamaza naogopa."

Kile chumba chako cha nyuma hapo Langas bado kitupu? Wiki tatu tu? Stima inapotea sana siku hizi, maana kuna hiyo mashine? Shemeji yako wa boda anaweza kuitwa saa nane usiku? Na mguu wa Mama Wafula? Nijibu leo, hata kama ni hapana. Wanatoka wadini Ijumaa.

Wako,
Atieno