Barua kwa mwanangu anayekwenda kushika mizani

Mwanjelwa, Mbeya
Juni

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukaba. Asubuhi ukungu unaufunika mlima Loleza wote, na wateja hawaonekani sokoni mpaka saa tatu. Baba yako anakusalimu. Mdogo wako yuko kwenye mitihani.

Nimesikia chama cha msingi cha ushirika huko Mbozi kimekuchagua uwe karani wa mizani msimu huu wa kahawa. Nilimshukuru Mungu, lakini usiku usingizi haukuja. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningeishia kukuuliza kama umekula.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulikuwa darasa la pili. Mwaka ule mchele wa Kyela uliadimika sokoni, bei ikapanda, nami nilikuwa na magunia mawili tu ya Kyela na manne ya Usangu. Jioni moja, majirani wa meza walipokwisha kuondoka, nilitandika turubai nyuma ya kibanda, nikamwaga gunia moja la Kyela na mawili ya Usangu, nikachanganya kwa mikono yangu hii. Asubuhi nikachomeka kibao juu ya rundo: KYELA. Mchele wa Usangu ni mchele mzuri, usije ukaudharau. Ubaya ulikuwa kwenye kibao.

Nikauza wiki mbili. Hakuna aliyelalamika. Nilipokwenda Tukuyu kumwona bibi yako nikambebea kilo tano za ule ule. Bibi alipika mwenyewe. Alipofunua sufuria aliinamia mvuke, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huu umeununua kwa nani?"

Nikajibu upesi, "Kwa mtu mmoja wa Mbalizi, Mama. Labda kanidanganya."

Hakusema kitu. Akapakua, tukainamisha vichwa, akaombea chakula. Katika maombi yale akamtaja yule mtu wa Mbalizi. Akamwomba Mungu amsamehe kwa kumdanganya binti yake, na amfungulie riziki ya haki asije akalazimika kudanganya tena. Alimwombea mtu ambaye hayupo, mwanangu, na mimi niliyekuwepo nikaitikia Amina. Ule wali sikuweza kuumeza. Nilisema tumbo linaniuma, na huo ukawa uongo wa tatu.

Unakumbuka kisa cha Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani akachukua fedha na mavazi kwa jina la bwana wake. Watu wengi wanakumbuka ukoma uliompata. Mimi nakumbuka swali. Elisha alimuuliza ametoka wapi, ingawa alikwisha kujua. Lile swali lilikuwa mlango, na Gehazi angeweza kupita. Akasema hakwenda mahali. Bibi yako naye alinifungulia mlango juu ya sufuria, nikaufunga.

Nilirudi Tukuyu wiki tatu baadaye. Nilimkuta anamenya ndizi, nikapiga magoti palepale jikoni nikamweleza yote. Nilitegemea atalia au atanifokea. Alichosema ni neno moja: "Wangapi?" Alitaka kujua walionunua. Nikawahesabu wale ninaowafahamu kwa sura, wakafika kumi na mmoja. Wengine walikuwa wapita njia. Akaniambia nianze na hao kumi na mmoja. Hela yangu haikutosha. Basi akafungua pindo la kitenge chake, akanipa hela ya ndizi alizouza juma lile.

Bibi yako alilelewa jirani na Misheni ya Rungwe, pale Wamoraviani walipoanza kazi mwaka 1891. Mahubiri alisikia mengi, lakini sikumbuki hata siku moja akinihubiria uaminifu. Alihesabu watu, akatoa hela ya ndizi.

Zakayo alirudisha mara nne. Mimi nilirudisha tofauti ya bei tu, mara moja, na kwa wawili nilishindwa kabisa kufika. Wengine walinicheka, wakasema hata wao wanachanganya. Mama mmoja aliyekuwa ameununulia msiba wa mumewe alipokea hela yake, akaikunja, akaondoka, hajarudi kwenye meza yangu mpaka leo. Nami simlaumu.

Sasa nirudi kwenye mizani yako. Ulipopata kipaimara ulikariri amri zote kumi mbele ya mchungaji bila kukosea, nikafurahi sana. Lakini "usiibe" haiji ikiwa imevaa sura ya wizi. Kwako wewe itakuja ikiwa nusu kilo. Mshale utasimama kwenye 43 na nusu, mtu atakunong'oneza uandike 43, kwamba hiyo nusu ni ya mizani, ndivyo ilivyo miaka yote. Piga hesabu: wakulima 120 kwa siku, kila mmoja nusu kilo, ni kilo 60. Ni gunia zima la kahawa lisilo na mwenyewe. Na mkulima hana namna ya kujua. Anapokea malipo ya awali, anakwenda kusubiri mnada na malipo ya pili, na yote hayo yanafuata tarakimu uliyoandika wewe asubuhi ile.

Kwa hiyo rudisha mizani kwenye sifuri mbele ya macho yake kabla hujapandisha gunia. Taja kilo kwa sauti, ndipo uandike, na stakabadhi umpe mkononi papo hapo. Akiwa ni mzee asiyesoma, ndiyo kabisa, msomee polepole. Angalia kama stika ya Wakala wa Vipimo bado haijapitwa na wakati.

Torati inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo. Nilipokuwa msichana sikuelewa ni ya nini. Nenda Isyonje msimu wa viazi utaelewa. Mnunuzi anachukua gunia la lumbesa, lina kilemba juu kimeshonewa kwa kamba, analipa bei ya gunia moja. Akifika mjini anapima kwa kilo. Sheria ya nchi inakataza lumbesa, na Torati ilikwisha kuikataza zamani.

Liko jaribu jingine ambalo ninaliogopa zaidi, maana litakuja na upendo. Mama mkubwa wa Iyula ataleta kahawa yake hapo. Atakuita baba, atakukumbusha jinsi alivyokubeba mgongoni, na ni kweli alikubeba. Ataomba umwongezee kilo mbili tatu. Hizo kilo hazitoki kwako, zinatoka kwa wenzake wote, na kahawa ikifika kiwandani ikapungua ni chama kizima kinachobeba. Mpokee vizuri, mpe kiti, mnunulie soda kwa hela yako. Kilo zake ziandike zilivyo. Akinipigia simu kulalamika, nitazungumza naye mimi.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, usimtafute mtu wa Mbalizi. Mtu akikuuliza, sema. Kama hela ya kurudisha imepungua nipigie, hata usiku. Sitakuuliza kwa nini. Nitakuuliza wangapi.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi furushi lako. Kuna sweta, soksi mbili na mchele kilo kumi. Mchele ni wa Usangu, mwanangu. Wa Kyela umepanda bei mno mwezi huu.

Ni mimi mama yako.