Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mtaa mzima kwa fremu moja

Kwako Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

YAH: UKUTA NA KARO LA MAJITAKA NDANI YA BARABARA YA MTAA

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kiitikio chake, "Kazi iendelee", tunakijua, na ndicho kinachotutia wasiwasi, maana kazi kwenye ule ukuta kweli inaendelea.

Jumamosi iliyopita mafundi walipiga lipu. Ile X nyekundu na neno SIMAMISHA, vilivyochorwa na watu wa ofisi yako kuanzia kozi ya kwanza ya tofali hadi ya nne, havionekani tena. Lipu imenyooka, tukiri, fundi anajua kazi yake. Chini kabisa tu, pale lipu ilipoishia kiganja kimoja juu ya ardhi, umebaki mguu mmoja wa X unachungulia. Kama ofisi ilikuwa inasubiri ushahidi kwamba zuio lake limepuuzwa, uje upesi, kabla hawajarudi kumalizia kwa chini.

Tulisema yote haya kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, na jibu likawa: "Ndani ya wiki mbili litakuwa limeshughulikiwa." Tulipiga makofi. Huenda wiki za ofisini ni ndefu kuliko za mtaani, hilo hatubishi. Ila kwa kuwa maneno hayajasaidia, leo tunakuletea vipimo.

Njia yetu inashuka kutoka barabara ya lami kuelekea upande wa ziwani. Kwenye mchoro wa mipango miji ina upana wa mita 8. Kiwanja cha kona, kinachojengwa, kina mita 20 upande wa lami. Mwenye mradi anajenga fremu 6 za maduka, kila moja mita 3 kwa ndani. Hizo ni mita 18. Kuta 7 za tofali za inchi 6, ambazo ni sentimita 15 kila moja, zinaongeza mita 1.05. Tumefika 19.05 na kiwanja kinakaribia kwisha. Lakini gari lazima liingie nyuma, kwa hiyo limewekwa geti la mita 3.5, na baada ya geti kuna ukuta wa uzio wa sentimita 15. Jumla ni mita 22.70. Zile mita 2.70 za ziada hazikushuka kutoka mbinguni, Ndugu Mkurugenzi. Ni barabara yetu. Na hapo hatujagusa hata nafasi inayotakiwa kuachwa kati ya jengo na mpaka.

Sasa punguza fremu moja. Fremu 5 ni mita 15, kuta 6 ni sentimita 90, geti 3.5, uzio 0.15. Jumla ni 19.55. Linaenea ndani ya kiwanja na nafasi inabaki. Mgogoro wote huu ni wa fremu moja ya duka. Tunadhani michoro iliyopita ofisini ilikuwa na fremu 5, na ya sita ikaongezwa saiti baada ya wapangaji kujitokeza. Hilo ni dhana yetu. Dawa ya dhana ni kufungua faili la kibali na kuhesabu, kazi ya dakika tano, kama kibali kipo. Tunasema kama, kwa sababu kwenye saiti hakuna bango la mradi linaloonyesha mkandarasi wala namba ya kibali. Kuna mabati tu.

Zikitoka 2.70 kwenye 8, zinabaki 5.30. Ingekuwa hivyo tu, labda tungenung'unika tukanyamaza. Lakini karo la majitaka nalo limechimbwa nje ya ukuta, barabarani, na mfuniko wake wa zege una upana wa mita 1.8 na umeinuka sentimita 30 juu ya ardhi. Zinabaki 3.50. Upande wa pili kuna nguzo ya umeme, iliyosimama hapo miaka yote bila kumsumbua mtu, ambayo uso wake uko mita moja kutoka kwenye ua wa jirani. Zinabaki 2.50.

Mwili wa gari la zimamoto una upana wa karibu mita 2.5 hizohizo, bila vioo vya pembeni. Nyumba ikishika moto tutapiga 114, gari litakuja, litasimama juu kwenye lami, na sisi tutaliona vizuri sana kutoka chini. Dereva jasiri anaweza kusema apandishe tairi juu ya mfuniko wa karo. Asijaribu. Mfuniko ule ulimwagwa mbele ya macho yetu kwa unene wa sentimita 10, unatosha mtu na mkokoteni. Boza la lita 10,000 likijaa lina tani 10 za maji peke yake, chuma cha gari hujakihesabu. Mfuniko utapasuka, tairi litaingia, na njia itafungwa moja kwa moja.

Gari la kunyonya vyoo nalo halifiki tena. Watu wanasema si litumie bomba refu kutoka juu. Nyumba zetu ziko chini ya lami, na pampu ya gari lile inavuta kwa hewa. Kadiri shimo linavyokuwa chini zaidi ya gari ndivyo inavyokosa nguvu, na urefu wa bomba unazidi kuila. Tope zito la chini halipandi kabisa, linalovutwa ni maji ya juu, na malipo ni ya tripu nzima. Vyoo vikijaa masika, tutapata nini mtaani, Afisa Afya anaweza kukueleza kuliko sisi.

Hayo ni ya kupita. La maji ndilo linalotunyima usingizi.

Chini ya ule uzio kulikuwa na mtaro wa mawe, upana mita 1 na kina sentimita 80. Ukuta umesimama juu yake. Badala ya mtaro limelazwa bomba la zege la sentimita 60 na kufukiwa. Mtaro ulikuwa na nafasi ya mita za mraba 0.80. Bomba lile lina 0.28, karibu theluthi moja. Hiyo ni likiwa tupu. Mchanga mwekundu wa mteremko wetu hauwezi kuacha bomba likae tupu, na chupa za plastiki kutoka juu zikitangulia mdomoni, theluthi hiyo inakuwa hadithi. Mtaro wa wazi ukijaa mchanga tunauzibua kwa koleo asubuhi moja. Bomba lililofukiwa chini ya ukuta wa mtu, nani ataingia ndani yake? Chemba ya kulisafishia haikuwekwa hata moja.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Eneo linalomwaga maji kwenye njia hii ni kama hekta 2, na sehemu kubwa ni mapaa ya bati na nyua za saruji zisizokunywa maji. Ikinyesha milimita 50, ambayo kwa Kigoma si mvua ya kusimulia wajukuu, ni lita milioni 1 zinatafuta pa kupita. Zilizozidi bomba zitajaa nyuma ya ukuta na kuingia kwenye nyumba za upande wa pili, kwa sababu karo lililoinuka linazisukuma huko. Zitakazopita ndani ya bomba zitatoka kwa kasi upande wa chini, mahali ambapo hapakupangwa jiwe hata moja la kuvunja nguvu ya maji. Hapo ndipo korongo huanza. Linaanza kama mfereji wa kuruka mtoto, msimu wa pili linafika kwenye msingi wa nyumba. Makorongo ya mji huu umeyakuta, na mengine yalianza kwa bomba dogo kama hili.

Mvua za kwanza hugonga bati mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Tunaandika sasa kwa sababu hiyo.

Tunajua tutakavyojibiwa, kwa hiyo tujibu kabisa. Tukiambiwa barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, ni kweli, lakini mpaka wa kiwanja, mchoro na kibali cha ujenzi viko kwako. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 imeifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na mamlaka haikupewa rangi nyekundu peke yake. Tukiambiwa twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, njia tunaijua. Tunajua pia kwamba kuishtaki halmashauri kunaanza na notisi ya siku 90. Hesabu siku 90 kuanzia leo, kisha ukumbuke tulichosema kuhusu mvua. Na tukiambiwa tunapinga maendeleo, hapana. Maduka tunayataka, tutanunua humo sukari na mawese kama watu wengine. Mji huu ulikuwa na njia za kupitika kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, na maduka yalikuwepo pia.

Kubomoa si jambo la kutisha kama wanavyokuambia. Kinachozidi ni uzio, si jengo. Una urefu wa mita 24 na kimo cha mita 2.4, tofali zake hazifiki 600. Mafundi wanne wanaushusha kwa siku mbili, na kwa kuwa udongo wa saruji bado mbichi, tofali nyingi zitatoka nzima na kutumika tena ndani ya mpaka. Karo lihamie ndani ya kiwanja, mtaro urudi kwa vipimo vyake. Fremu ya sita igeuzwe njia ya gari. Ila kila wiki inayopita tofali zinazidi kushikana, na wapangaji wanazidi kulipa kodi ya mbele, na ukuta unazidi kupata watetezi.

Tulitaka kukuomba mengi: faili la kibali lisomwe hadharani, mtaro, karo, zuio lenye sahihi na siyo rangi. Ukiona ni mengi yaache yote, fanya hili moja: tuma mpima. Mwenye mradi anasema alipima, na ni kweli alipima, kwa kamba kutoka kwenye ua wa jirani. Ua si mpaka. Mpaka ni bikoni, nondo iliyosimikwa kwenye zege na namba yake juu, na namba hizo ziko kwenye ramani ya upimaji uliyonayo kabatini. Bikoni za viwanja vya upande wa pili zipo, hazijaguswa, mpima anaweza kuanzia hapo. Ikionekana sisi ndio tuliokosea, tutamwomba radhi mwenye mradi na kumsaidia kupaka rangi.

Tuma mpima, Ndugu Mkurugenzi. Bikoni ya kona tunavyojua imefukiwa chini ya lundo la kokoto, mkabala na nguzo ya umeme. Jembe, sululu na watu wa kuhamisha kokoto tutatoa sisi. Yeye aje na ramani tu.

Ni sisi,
Wakazi wa mtaa, upande wa chini ya barabara ya lami,
Kigoma.

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani