Malalamiko Kuhusu Akaunti Yangu na Nilivyotendewa Kwenye Kaunta Yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kisumu.

Bwana au Bibi,

Ninawaandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata Jumanne iliyopita, pale mhudumu wenu aliponisukumia kijikaratasi kwenye kaunta na kunitaka niandike nywila yangu. Nilipokataa, aliniambia basi niitamke, ilhali foleni ya watu ilikuwa nyuma yangu.

Ninyi mnaujua mfumo wenu. Nikitaka kuingia kwenye tovuti yenu ya mauzo, ya usafirishaji au ya malipo, ninapelekwa kwenye ukurasa mmoja wa kuingilia, na ni ukurasa huo pekee unaopaswa kuipokea nywila yangu. Tovuti zenyewe hupewa tokeni tu, yaani uthibitisho wa muda kwamba aliyeingia ni mimi. Usalama wote wa akaunti moja umesimama juu ya jambo hilo, kwa kuwa anayeipata nywila hiyo amefungua milango yote mitatu kwa mpigo. Hata binti yangu anayenisaidia kupakia picha za vitenge haijui. Mhudumu wenu aliitakia nini?

Nilikuja kwenu kwa sababu Jumapili, siku soko la Kibuye linapofurika, mtu aliingia katika akaunti yangu, akabadilisha nambari ya simu ya kupokelea malipo na kuondoka na Ksh 38,400. Nilibadilisha nywila papo hapo, nimesimama kibandani, nikiamini kwamba nimemfungia nje. Jumatatu asubuhi bado alikuwa ndani ya tovuti ya malipo, kwa maana ninyi mlipokea nywila mpya bila kuzifuta tokeni zilizokwisha kutolewa, na Ksh 6,000 nyingine zikatoka nikitazama. Nilipiga simu mara nne, na ya nne ilikatwa nikiwa bado naeleza. Tena mwezi Machi, kabla ya haya yote, nilikuwa nimewaomba mniwekee hatua ya pili ya uthibitisho, yaani kuthibitisha tena kwamba ni mimi baada ya nywila, nikajibiwa kwamba nisubiri.

Ninarudi kwenye kaunta, kwa sababu jambo hili halinitoki moyoni. Kile kijikaratasi kilikuwa risiti ya mteja mwingine iliyogeuzwa, jina na nambari yake ya simu zikisomeka wazi upande wa pili. Mhudumu aliniambia, "Mama, ukitaka kusaidiwa andika, hutaki mpishe anayefuata." Nilimweleza kwa upole kwamba nywila haipewi mtu yeyote, hata mfanyakazi wa kampuni, naye akamgeukia mwenzake wakacheka. Kijana aliyekuwa nyuma yangu aliinamisha uso kwa aibu ambayo haikuwa yake. Nimeuza vitenge Kibuye kwa miaka 19 na sijawahi kusimamishwa mbele ya watu kama mwizi wa mali yangu mwenyewe.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai Ksh 44,400 zangu tu, na tokeni zote zifutwe. Hayo hayatoshi tena. Ninataka pia orodha ya kila kifaa kilichoingia katika akaunti yangu tangu Jumapili hiyo, pamoja na saa zake; ninataka hatua ya pili ya uthibitisho niliyoahidiwa; na ninataka barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako wewe meneja, si ya mhudumu. Vilevile mnijibu kwa maandishi iwapo mlimjulisha Kamishna wa Data kuhusu uvamizi huo ndani ya saa 72, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyowataka.

Ninawapa siku saba. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko kwa Kamishna, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi ndani ya siku 90, na huko nitadai fidia juu ya pesa zangu. Kile kijikaratasi niliondoka nacho. Nitakiambatisha, jina la mwenye risiti likiwa limefunikwa.

Wenu mwaminifu,

Mfanyabiashara wa vitenge, Kibuye