Ruzuku sawa kwa kila kichwa haileti usawa

Mhariri,

Kila Lengo la 4 la Maendeleo Endelevu, lile la elimu bora kwa wote, linapojadiliwa Tanzania, tunasomewa idadi ya walioandikishwa tangu elimu bila ada ianze Januari 2016. Madarasa yamejaa, hilo halina ubishi. Fomula ya ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha ambazo serikali huipa shule kwa idadi ya wanafunzi, ndiyo haiguswi.

Mwanafunzi wa shule ya msingi hupangiwa Sh10,000 kwa mwaka. Sh4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, Sh6,000 huingia akaunti ya shule. Piga hesabu: shule ya watoto 1,500 hupata Sh9 milioni, ya watoto 150 hupata Sh900,000, yaani Sh75,000 kwa mwezi. Hiyo ndogo nayo ina madarasa saba, mitihani ya kuchapa, paa linalovuja na mwalimu mkuu wa kulipiwa nauli ya kwenda halmashauri, ambayo kwa kawaida kwake ni mbali zaidi. Pengo huzibwa kwa michango. Mjini mzazi hunung'unika akalipa. Kijijini mtoto hubaki nyumbani.

Kiwango chenyewe ni cha enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, kilipokaribia dola 10. Leo hakizidi sana dola 4.

Hali ya shule shikizi, zile ndogo zinazoegemezwa kwa shule kubwa iitwayo shule mama, ni mbaya zaidi. Hazijasajiliwa, hivyo wanafunzi wake huhesabiwa shule mama na fedha huingia huko. Chaki zikifika shikizi, ni kwa hisani ya mwalimu mkuu. Na mtoto asiyeona? Ukurasa mmoja wa kawaida huzaa miwili hadi mitatu ya nukta nundu, tena kwa karatasi nene, ilhali fomula humhesabu kichwa kimoja.

TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri na shule zake, ianze na kiwango cha chini kwa kila shule, tuseme Sh1 milioni, kabla ya kuhesabu vichwa. Kwa shule za msingi za serikali zaidi ya 16,000, gharama inazidi Sh16 bilioni kwa mwaka. Shikizi ipewe kifungu chake ndani ya akaunti ya shule mama, na mwakilishi wa wazazi wake asaini kila malipo. Asiyeona ahesabiwe kama watatu.

Ujanja utakuwepo: halmashauri zitagawa shule moja kuwa mbili zichote kiwango mara mbili. Basi shule mbili zinazotumia uwanja mmoja zihesabiwe kuwa moja.

Mthibiti ubora wa shule mstaafu,
Singida